Kosa la Tarakimu Moja

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna namba mbili zinazobonyezwa karibu kila wiki. Ya kwanza ni namba ya simu ya mtu anayetumiwa pesa, tarakimu 10. Ya pili ni namba ya umeme wa kulipia kabla, ile inayokuja kwa ujumbe baada ya kununua LUKU au tokeni, tarakimu 20. Mtu angedhani ile ndefu ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana penye tarakimu nyingi ndipo kidole kinapoteleza kwa urahisi. Mambo ni kinyume. Ukikosea tarakimu moja kati ya zile 20, mita inakataa, unaanza upya, na umeme uliolipia unabaki wako. Hauendi kuwasha taa za jirani. Ukikosea tarakimu moja kati ya zile 10, pesa inaweza kumfikia mtu usiyemjua katika mkoa usiowahi kufika, na kuanzia hapo kazi yako ni kupiga simu huduma kwa wateja, kusubiri na kubembeleza. Vidole ni vilevile, macho ni yaleyale, mtu ni yuleyule. Tofauti ni kwamba waliobuni namba ya umeme walikaa mapema wakakubali kuwa binadamu atakosea, wakaliwekea kosa lake mahali pa kuangukia. Namba ya simu haikubuniwa kwa kazi ya kubeba pesa, na kwa miaka mingi kosa lake lilimwangukia mwenye kidole.

Jambo hili lina uzito kwa sababu tumezoea kulielewa vibaya. Tukiambiwa dirishani kwamba mfumo uko chini, au mtandao unasumbua, tunavumilia kama tunavyovumilia mvua. Lakini shida ikitokea mkononi mwetu, tunajilaumu. Mama mwenye duka linalompa faida kila mwezi, anayekumbuka madeni ya wateja 40 bila daftari, hushindwa kujaza fomu kwenye simu na kusema, "Mimi mambo haya siyawezi." Mzee humkabidhi wakala simu pamoja na namba yake ya siri, maana ameshakata tamaa na menyu. Watu hawa wana akili timamu, na wanafanya hesabu ngumu kuliko zile simu inazowadai. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kosa linalorudiwa na watu wengi kwa namna ileile si kosa la watu hao, ni kosa la chombo. Na programu nzuri haijulikani siku kila kitu kinapokwenda sawa. Hujulikana siku mtumiaji amechoka, ana haraka, jua linapiga kwenye kioo, bando limebaki kidogo, na kidole chake kimegusa pasipopaswa.

Ushahidi wa zamani wa hoja hii unatoka mbali na simu, kwenye ndege za kivita. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la anga la Marekani lilikuwa likipata ajali za namna ya ajabu: rubani anatua salama, ndege inakimbia kwenye njia yake, kisha magurudumu yanajikunja na ndege inalala kwa tumbo. Ripoti ziliandika kwamba rubani amekosea. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia kwenye chumba cha rubani cha ndege ya B-17, aliona kitu ambacho ripoti hazikukitaja. Kishikio cha kukunja magurudumu na kile cha kurudisha vibawa vya kutulia vilikuwa karibu karibu na vilifanana. Rubani aliyetoka vitani akiwa hoi alikusudia kurudisha vibawa, mkono ukaenda kwenye magurudumu. Chapanis hakudai marubani wapewe mafunzo mengine. Kwenye kishikio cha magurudumu alibandika kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye kile cha vibawa akaweka kipande chenye umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani. Ajali za aina hiyo zikakoma, na mpaka leo mpini wa magurudumu ndani ya ndege huwa na kichwa chenye umbo la gurudumu. Miaka minne baadaye, Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya rubani, wakaonyesha ni vingapi vilivyotokana na jinsi vishikio vilivyopangwa. Marubani hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya na akili, wakafundishwa, na uhai wao wenyewe ulitegemea kutokukosea. Kama hao walikosea mbele ya vishikio viwili vinavyofanana, mtu anayelipa ada ya mtoto akiwa amesimama ndani ya daladala ana haki ya kutolaumiwa.

Turudi kwenye zile namba mbili, maana ndani yake kuna ufundi mzuri ambao haufundishwi vya kutosha. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliomba hataza ya njia rahisi ya kugundua namba iliyokosewa. Tarakimu ya mwisho haichaguliwi ovyo. Inapatikana kwa kuzikokotoa zile zilizotangulia. Ukibadilisha yoyote, hesabu haikubali. Ukipindua mbili zilizo jirani, mara nyingi sana hesabu haikubali pia. Kadi za benki duniani kote zinatumia njia hiyo, ndiyo maana ukiandika vibaya namba ya kadi, ukurasa wa malipo unaweza kukuambia papo hapo, kabla hata ya kuwasiliana na benki. Namba ya umeme imekwenda mbali zaidi: zile tarakimu 20 ni ujumbe uliofichwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na ndani yake mna hesabu ya ukaguzi. Mita haihitaji mtandao kujua kwamba umekosea. Namba ya simu haina kitu kama hicho. Namba zake zimegawiwa kwa wingi, moja baada ya nyingine, kwa hiyo karibu na namba ya dada yako zimo namba za watu wengine walio hai, wenye akaunti zilizo tayari kupokea.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilirithi udhaifu huo. Kwa miaka kadhaa mtumaji wa Kenya alikuwa anaona jina la mpokeaji kwenye ujumbe unaofika baada ya pesa kuondoka. Yaani aligundua kosa wakati ambao ugunduzi haumsaidii. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya Safaricom ikaleta huduma iliyoitwa Hakikisha, inayoonyesha jina kabla ya muamala kukamilika na kumpa mtumaji sekunde chache za kusitisha. Leo kuonyesha jina kwanza ni jambo la kawaida katika huduma nyingi za pesa za ukanda huu, kiasi kwamba tumesahau kuwa kuna siku halikuwapo. Uzuri wa jambo lenyewe uko hapa: binadamu hana uwezo mkubwa wa kutambua kwamba 0754 imekuwa 0745, lakini ana uwezo mkubwa mno wa kutambua kwamba aliyetokea kwenye kioo si shangazi yake. Mashine iliacha kumuuliza mtu swali linalofaa mashine, ikamuuliza swali linalomfaa mtu. Hakuna aliyefundishwa upya kuandika namba. Halikuhitajika bango kwa wakala kuwaambia watu wawe makini. Chombo kilibadilika, na watu walewale, kwa umakini uleule, wakawa wanayakamata makosa yao wenyewe.

Hapo mbunifu mvivu anaweza kudhani amepata dawa: basi tuulize kila mara, "Je, una uhakika?" Dawa hiyo ikizidi huwa sumu. Swali linaloulizwa mara 20 kwa siku, na ambalo jibu lake ni ndiyo mara 20, huacha kuwa swali. Kidole hulijibu peke yake. Ushahidi mchungu wa jambo hili ni Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi iliyozidi kipimo chao kwa mbali sana, na angalau 3 walikufa. Programu yake ilikuwa na hitilafu, na vizuizi vya vifaa vilivyokuwamo kwenye mashine zilizotangulia vilikuwa vimeondolewa kwa kuiamini programu. Lakini kulikuwa na jambo jingine linalotuhusu sisi wote tunaotumia vioo na vitufe. Mashine ilizoea kusimama na kuandika ujumbe wa hitilafu usioeleweka, na katika baadhi ya ajali zile ujumbe ulisema tu kwamba ni hitilafu namba 54. Kitabu cha maelekezo hakikueleza maana yake kwa namna inayomsaidia mhudumu. Ujumbe wa aina hiyo ulitokea mara nyingi, na mara nyingi haukuwa na madhara, kwa hiyo wahudumu walijifunza kubonyeza herufi moja ya kuendelea. Mashine ilikuwa imewafundisha kutoiamini. Siku ilipokuwa na jambo la kweli la kusema, haikuwa na neno la kulisemea.

Ujumbe wa kosa, basi, una kazi tatu: kusema nini kimetokea, kusema kama kitu chochote kimepotea, na kusema mtu afanye nini sasa. Ile ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayomnyima mtu usingizi. Mtu aliyelipa ada, kioo kikaganda, kisha kikaandika kwamba ombi limeshindikana, hana haja ya kujua seva imefanya nini. Anataka kujua kama pesa imetoka. Akirudia, analipa mara mbili? Akiacha, mtoto anarudishwa nyumbani? Programu inayomwacha na swali hilo imemtupia mzigo ambao yenyewe ina uwezo wa kuubeba, maana ina kumbukumbu zote na yeye hana hata moja.

Bora kuliko kumuuliza mtu mara mbili ni kumruhusu arudi. Kiswahili kinalifahamu wazo hili hadi ndani ya vitenzi vyake: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, ziba na zibua. Waliotafsiri programu za kompyuta walipotafuta neno la kurudisha kitendo nyuma waliukuta mlango uko wazi, wakasema tendua. Ni neno zuri, na nadhani ni neno muhimu kuliko yote yaliyoandikwa kwenye menyu. Anayejua kwamba anaweza kutendua hujaribu, na anayejaribu hujifunza bila mwalimu. Anayeogopa kwamba kila kitufe ni mlango usio na kitasa kwa ndani hugusa vitufe viwili alivyoonyeshwa, basi. Huduma ya barua pepe ya Gmail ilianza mwaka 2009 kujaribu kitufe cha kutendua barua iliyotumwa, na mwaka 2015 ikakifungua kwa watumiaji wote. Siri yake ni nyepesi: barua haikimbizwi njiani ikarudishwa, ila inashikiliwa kwa sekunde chache, hadi 30, kabla ya kuachiwa. Sekunde hizo zinatosha, kwa sababu kosa la kidole hugunduliwa mara tu baada ya kidole kuinuka.

Wenye huduma za pesa wana pingamizi hapa, na ni pingamizi la haki. Pesa si barua. Ukiruhusu watu kutendua miamala, tapeli atalipa dukani, atachukua sukari na mafuta, kisha ataomba pesa irudishwe huku muuza duka akiwa bado anapanga chenji. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kurudisha muamala kunapaswa kupitia ukaguzi. Lakini pingamizi hili linahusu kurudisha pesa iliyokwisha kufika. Halihusu kuishikilia kabla haijafika. Tena si kila muamala unafanana na mwingine. Malipo ya dukani kwa namba ya biashara ni jambo moja, na muuzaji anayasubiri palepale. Kutuma kiasi kikubwa kwa namba ambayo mtu hajawahi kuitumia tangu anunue laini yake ni jambo jingine kabisa, na mtoa huduma anayo historia ya kumwezesha kutofautisha. Kuchelewesha huo wa pili kwa nusu dakika, na kueleza kwa nini, hakumpi tapeli wa dukani chochote.

Mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kukata, kunakili na kubandika walipokuwa katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, aliacha kanuni ninayoona inaeleza sehemu kubwa ya hasira zetu. Kila kazi, alisema, ina ugumu wake ambao hauwezi kufutwa. Unaweza tu kuhamishwa. Swali ni nani ataubeba, mtengenezaji mara moja au mtumiaji kila siku. Mwaka 2024 mamilioni ya familia waliuona ugumu huo ukihamishwa hadi mlangoni kwao. Mita za umeme wa kulipia kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa kilichoanzia Afrika Kusini zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, ili namba moja isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216, na zingeisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilibidi ibadilishiwe ufunguo. Kwa hiyo wateja wa Tanzania, Kenya na kwingineko walipokea ujumbe wenye mafungu matatu ya tarakimu 20: la kwanza na la pili la kurekebisha mita, la tatu ndilo lenye umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwa mpangilio usiobadilishwa, mbele ya kifaa chenye vitufe vidogo kilichoning'inia ukutani.

Je, waliobuni walikosea? Siwezi kuwashutumu kirahisi. Mita ile haina mtandao, na kutokuwa na mtandao ndiko kulikoiwezesha kufanya kazi katika vijiji ambavyo mnara wa simu haukamatiki. Nafasi yenyewe ilibanwa ili namba iweze kuandikwa kwa mkono. Miaka 31 si maisha mafupi kwa kifaa. Na hata katika zile tarakimu 60 aliyekosea alikuwa anarudia, hakuwa anapoteza. Lakini mashirika ya umeme yalijua tarehe hiyo miaka mingi kabla, na kazi ya kulieleza jambo hilo vizuri, la kwanza lipi na la pili lipi, ilikuwa yao. Panapobidi ugumu umfikie mwananchi, angalau umfikie ukiwa umefunguliwa.

Mara nyingi zaidi, hata hivyo, ugumu unaotufikia haukuwa na sababu ya kutoka kwa mtengenezaji. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwenye kadi imeandikwa kwa vistari ili jicho lipumzike. Fomu inayokataa vistari hivyo inamlazimisha mtu kubonyeza tarakimu 20 mfululizo bila kujua amefika wapi. Kisha, hatua moja mbele, inamwuliza tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo ameshaiandika. Fomu hiyohiyo ingeweza kuitumia kama kinga: tarakimu za mwanzo zikitoa mwezi wa 15, namba imekosewa, na mwenyewe angeambiwa kabla hajafika mwisho. Namba ya simu nayo ina mkasa wake. Mtu anaiandika kwa kuanza na sifuri, mwingine kwa +255 au +254, mwingine anaacha nafasi katikati. Zote ni namba moja, na kuzisawazisha ni kazi ya mistari michache ya programu. Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika mwaka 1980 kwamba programu inayowasiliana na nyingine iwe makini katika inachotoa na iwe mkarimu katika inachopokea. Aliwaza kompyuta zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Ukarimu huo kompyuta zilipewa. Binadamu anayejaza fomu bado anaambiwa "namba si sahihi" kwa sababu ya nafasi tupu aliyoiacha.

Na wapo wanaotumia simu ndogo, kitochi au kiswaswadu, ambao menyu yao huanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Kioo kimoja cha menyu hiyo hakibebi zaidi ya herufi 182, na mtandao huikata mtu akikawia. Anayelipa bili hawezi kuiacha kwa muda akafungue ujumbe wenye namba ya malipo, kwa hiyo watu huinakili namba kwenye kiganja au kwenye pakiti ya sigara kabla hawajaanza. Kile kiganja chenye wino kinastahili kutazamwa na kila mtengenezaji, maana pale mtumiaji ametengeneza mwenyewe kile ambacho programu ilipaswa kumpa.

Lugha ni sehemu ya mzigo huohuo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye kampuni kubwa kama Microsoft na Google nazo zikaja na Kiswahili chao. Kazi ile ya kutafuta maneno kama faili, kabrasha na nywila ilikuwa ya heshima. Lakini kutafsiri maneno peke yake hakuifanyi programu iwe ya Waswahili. Chukua saa. Kwetu siku huhesabiwa tangu asubuhi inapoingia, saa moja, ambapo saa ya Kizungu inaonyesha 7:00. Kliniki inapomtumia mgonjwa ujumbe wa Kiswahili safi kwamba afike "saa 8:00 asubuhi", imemwandikia saa ambayo katika Kiswahili haipo. Saa nane ni ya mchana au ya usiku wa manane. Ikiandika "saa 2:00" bila kusema zaidi, mmoja atafika asubuhi na mwenzake mchana, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. Hakuna neno lililotafsiriwa vibaya hapo. Aliyetafsiri alihamisha maneno akaiacha saa ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kuwadekeza watu. Mtu hujifunza kuendesha gari, hujifunza kusoma. Kwa nini asijifunze simu? Elimu ni kitu chema na siipingi. Lakini gari lina usukani mahali palepale kwa zaidi ya miaka 100, na aliyejifunza kwenye moja anaendesha lolote. Programu zilizomo kwenye simu moja ni makumi, kila moja na tabia zake, na kila moja inaweza kubadilika usiku mmoja kwa sasisho ambalo mwenye simu hakuliomba. Kitufe alichokizoea kimehama, rangi imegeuka, menyu imejificha. Kinachopotea hapo ni elimu aliyokwisha kuilipia kwa muda wake, na hakuna anayemfidia. Mwingine atasema usalama hauna budi kuwa na usumbufu. Wakati mwingine ni kweli, lakini usumbufu si ushahidi wa usalama. Mwaka 2003 mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulishauri nywila zenye mchanganyiko wa herufi, tarakimu na alama, na dunia nzima ikafuata, pamoja na desturi ya kuwalazimisha watu kuzibadilisha kila baada ya miezi michache. Watu wakafanya kile binadamu hufanya: wakaongeza 1 mwishoni, mwezi uliofuata wakaweka 2, wakaandika kwenye karatasi wakabandika ukutani. Mwaka 2017 NIST ikaachana na masharti hayo, na Bill Burr, aliyeandika ule mwongozo wa awali, akasema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoshauri. Miaka 14 ya usumbufu wa watu haikuwa imenunua usalama ulioahidiwa.

Kuna mahali ambapo kumlaumu mtumiaji kunavuka kero na kuwa dhuluma, na kisa cha posta ya Uingereza kinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Kuanzia mwaka 1999 wakuu wa vituo vidogo vya posta walipewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Watu walipolalamika, wengi walieleza baadaye, waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Hadi mwaka 2015 zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliojiua. Sheria ya huko ilidhani kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenye duka la kijijini angeithibitishaje? Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa pamoja. Wengi wa watu hao walikuwa wamesikia kwa muda mrefu sentensi ileile tunayojiambia wenyewe mbele ya kioo kilichoganda: lazima umebonyeza vibaya.

Chama cha akiba na mikopo, shule au zahanati inayokaribia kununua mfumo mpya haina haja ya mtaalamu kuupima kwa upande huu. Jakob Nielsen, Mdenmaki aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, alishauri kwamba watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya programu. M-Pesa yenyewe ilipata sura yake kwa kutazama: majaribio yaliyoanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yalihusu kulipa mikopo midogo, na wateja wake hawakufika 500, lakini waliokuwa wakiyasimamia waliona watu wakitumiana pesa kwa sababu zao wenyewe, wakaigeuza huduma ifuate walichokiona. Basi wakati muuzaji wa mfumo anapokuja na maonyesho yake, aombwe akae pembeni. Aletwe karani wa mapokezi, mwanachama mzee, na mtu wa tatu asiyewahi kuuona mfumo huo, wapewe kazi moja ya kweli, kwa mfano kusajili mgonjwa mwenye jina moja tu, au kurekebisha malipo yaliyoingizwa mara mbili. Kila mmoja akae peke yake na simu au kompyuta, na waliobaki wanyamaze. Kidole kikisita, paandikwe mahali kiliposita. Akiuliza, "Sasa nibonyeze wapi?" asijibiwe, swali lake liandikwe kama alivyolisema, na muuzaji apewe swali hilo ili alijibu kwenye kioo.